Barua ya wazi kwa wakuu wa besiboli ya Marekani: mchezaji shoga alindwe na mkataba

Kwa Kamishna Rob Manfred. Kwa wamiliki wa klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli, MLB. Na kwa viongozi wa chama cha wachezaji, MLBPA.

Waheshimiwa,

Mkataba wenu wa pamoja wa ajira, kati ya klabu na wachezaji, unakwisha tarehe 1 Desemba 2026. Mtakapoketi mezani mtavutana kuhusu mishahara, ukomo wa matumizi ya klabu na fedha za televisheni, na mambo mengine yote yatasukumwa hadi usiku wa mwisho. Tunawaandikia mapema kuhusu jambo ambalo gharama yake kwenu ni ndogo sana: kumlinda kwa maandishi mchezaji shoga anayetaka kucheza bila kuficha maisha yake.

Sisi ni makocha, waamuzi, wakalimani na wafuatiliaji wa mchezo huu tunaozungumza Kiswahili, wengine tuko Afrika Mashariki, wengine Amerika Kaskazini. Mtaona huko mbele kwa nini jambo hili linatuhusu.

Hakuna mchezaji aliyewahi kujitangaza kuwa shoga akiwa bado kwenye kikosi cha Ligi Kuu. Kwenye mpira wa kikapu Jason Collins alijitangaza Aprili 2013, na Februari 2014 akasajiliwa Brooklyn Nets. Kwenye futiboli ya Kimarekani Carl Nassib alifanya hivyo Juni 2021 akiwa mchezaji wa Raiders. Besiboli, inayomkumbuka kila mwaka Jackie Robinson, aliyevunja mwiko wa rangi kwenye Ligi Kuu mwaka 1947, imebaki na majina ya waliosema baada ya kuondoka: Glenn Burke mwaka 1982, Billy Bean mwaka 1999, TJ House Desemba 2022. Miongoni mwa waliowahi kuvaa jezi za timu zenu wamo bila shaka wengine ambao hawakusema kamwe.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba mashabiki hawajawa tayari, au wachezaji wenzake hawatamkubali. Hatukubaliani nayo. Kinachomfunga mdomo mchezaji wa besiboli ni jinsi ajira yake ilivyopangwa: anapita miaka mingi kwenye ligi ndogo, yaani timu za chini ambako klabu hukuza wachezaji wake, akiwa na mkataba unaoweza kukatishwa siku yoyote, analala chumba kimoja na mwenzake, na hatima yake inaamuliwa na watu sita au saba ambao hawalazimiki kueleza sababu. Mashabiki hamuwezi kuwabadilisha kwa kipengele cha mkataba. Hayo mengine mnaweza.

Tuanze na Burke, aliyekuwa mchezaji wa Dodgers ya Los Angeles, kwa sababu mambo yote yamo kwenye kisa chake. Tarehe 2 Oktoba 1977, kwenye uwanja wa Dodgers, Dusty Baker alipiga mpira ukavuka uzio, pigo lake la 30 la aina hiyo msimu ule. Burke, aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kupiga, alimlaki akiwa ameinua mkono juu kabisa, na Baker akakigonga kiganja chake. Salamu ile leo inafanywa na watoto kwenye kila uwanja duniani. Nyuma ya pazia, kwa maelezo ya Burke mwenyewe, kigogo wa klabu Al Campanis alimwambia kwamba klabu ingemlipia fungate kama angekubali kuoa. Alikataa. Mei 1978 akapelekwa Oakland, na Dodgers wakampata Billy North. Kwenye kambi ya maandalizi ya 1980, kocha mkuu Billy Martin alimtaja mbele ya wenzake kwa tusi la mashoga. Goti likaumia, akashushwa ligi ndogo, na akaacha besiboli akiwa na miaka 27, baada ya mechi 225 tu za Ligi Kuu.

Tazameni hatua zenyewe: kubadilishana wachezaji, kushushwa daraja, kukaa benchi. Zote ni za kawaida, na klabu inazifanya kila wiki. Hakuna aliyehitaji kuandika kwamba Burke anaondolewa kwa sababu ya anayempenda. Ndiyo maana katazo la ubaguzi peke yake halitoshi. Mwaka 2011 mliingiza mwelekeo wa kimapenzi kwenye kipengele cha kutobagua, mwaka 2013 mkatoa kanuni za mwenendo kazini pamoja na Mwanasheria Mkuu wa New York, na tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sheria ya ajira inamlinda mfanyakazi shoga. Katazo lipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kulifanya lifanye kazi ndani ya mchezo ambao kutemwa ni jambo la kila siku.

Mchezaji aliye ukingoni anapiga hesabu ngumu. Kwa mkataba wa ligi ndogo wa 2023, mshahara wa mwaka ulianzia dola 19,800 kwenye kambi za wanaoanza hadi dola 35,800 kwenye Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Kima cha chini cha Ligi Kuu kwa 2026 ni dola 780,000. Siku 43 kwenye kikosi cha Ligi Kuu zinampa haki ya pensheni. Siku 172 zinahesabiwa mwaka mmoja kamili wa utumishi. Kijana wa miaka 24 anayepandishwa na kushushwa anajua kwamba wiki mbili tu zinaweza kubadilisha maisha ya ukoo mzima. Hawezi kuhatarisha wiki hizo kwa kusema neno ambalo mtu mmoja kwenye kikao atalitafsiri kuwa "ataleta vurugu chumbani". Wasaka vipaji wenu wana sehemu kwenye ripoti ya kupima haiba na tabia ya mchezaji, nje ya kasi ya mkono na ubora wa jicho. Sehemu hiyo ndiyo mlango wa nyuma. Anayetaka kumwangusha mchezaji bila kutaja sababu halisi anaandika hapo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Mchezaji aliyejitangaza, au aliyewasilisha malalamiko ya ubaguzi, akitemwa, akishushwa daraja au akihamishwa ndani ya miezi 18, klabu iwe na siku 7 za kupeleka sababu za kimchezo kwa msuluhishi huru. Sababu hizo ziambatane na takwimu za misimu miwili, vipimo vya kasi na mzunguko wa mpira kama ni mrushaji, ripoti ya majeraha, na ulinganisho na wachezaji wengine wawili wa nafasi na ngazi ileile waliobakizwa. Ulinganisho ndio moyo wa utaratibu huu. Bila huo, kila klabu itaandika "tulihitaji nafasi", na itakuwa kweli, kwa sababu klabu huwa inahitaji nafasi siku zote.

Msuluhishi atoe uamuzi ndani ya siku 21. Akiona sababu hazisimami, mchezaji alipwe mshahara hadi mwisho wa msimu unaofuata na bima ya afya iendelee. Hatuombi arudishwe kwa nguvu kwenye timu isiyomtaka, maana kocha atamkalisha benchi na mwaka utapotea. Wala hatuombi ulinzi usio na mwisho. Ulinzi wa maisha utazaa chuki kwa wenzake, na wamiliki watakuwa na haki ya kuukataa. Miezi 18 inashika msimu mmoja kamili na angalau kambi moja ya maandalizi, muda wa kutosha kuona kama mtu anapimwa kwa mchezo wake.

Wapo ambao hawajajitangaza hadharani lakini uongozi umekwishajua, kwa uvumi au kwa kuona. Hao wawe na njia ya kujiandikisha kwa siri kwa msuluhishi huyohuyo. Jina lifungiwe kwenye bahasha, klabu isiarifiwe chochote, na bahasha ifunguliwe tu kama mchezaji mwenyewe ataomba baada ya kutemwa. Tarehe ya kujiandikisha itathibitisha kwamba hakubuni madai baada ya kufukuzwa.

Jambo la kiutaratibu mlizingatie hapa. Mkataba wa ligi ndogo uliosainiwa 2023 ni wa peke yake na muda wake ni miaka mitano, kwa hiyo haufungwi na tarehe ya Desemba 2026. Mkiandika vipengele hivi kwenye mkataba wa Ligi Kuu pekee mtawalinda ambao tayari wana mawakala na mamilioni, na kuwaacha walio kwenye timu 120 za chini, ambako ndiko watu wanakokata tamaa. Sainini hati ya nyongeza kwa mkataba wa ligi ndogo siku hiyohiyo.

Ligi ndogo ndiko ujasiri wa mchezo huu ulikojitokeza hadi sasa. Juni 2015, Sean Conroy wa Sonoma Stompers, timu huru ya California, alijitangaza hadharani, na usiku wa tarehe 25 akarusha mechi nzima ya raundi 9 bila wapinzani kupata pointi hata moja. Agosti mwaka huohuo David Denson, aliyekuwa akichezea timu ya Brewers mjini Helena, Montana, akawa mchezaji wa kwanza aliye kazini ndani ya mfumo wa klabu ya Ligi Kuu kufanya hivyo. Februari 2023 akafuata Anderson Comás, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa kwenye mfumo wa White Sox. Conroy na Denson wana jambo moja la kujifunza kwao: wachezaji wenzao walijua kabla ya magazeti. Kwa Denson ilianzia kwenye utani wa chumbani, mwenzake alipotumia tusi bila kufikiri naye akamwonya kwamba hujui unaongea mbele ya nani. Chumba kile hakikusambaratika. Wenzake walisimama naye.

Sasa matusi. Tarehe 15 Septemba 2012, mjini Toronto, Yunel Escobar wa Blue Jays aliingia uwanjani dhidi ya Boston akiwa amejipaka chini ya macho ule weusi wa kuzuia mng'aro wa jua. Ndani ya weusi huo alikuwa amechora kwa herufi kubwa, kwa Kihispania, maneno ya kumwita mtu shoga kwa matusi. Mtu hawezi kuyaona maandishi yale bila kumtazama usoni, na usoni ndiko wote walikokuwa wanamtazama: wachezaji wenzake kwenye benchi, benchi la ufundi, mwamuzi aliyesimama hatua mbili nyuma yake kila alipopiga, wapinzani waliofika kwenye kituo chake. Hakuna aliyemwambia akanawe. Jambo lilijulikana kwa sababu shabiki alipiga picha. Escobar alifungiwa mechi 3, akaeleza kwamba kwao neno lile ni la utani tu.

Tangu hapo adhabu zimekuwa za kubahatisha. Kevin Pillar, Mei 2017, mechi 2. Matt Joyce, Agosti 2017, mechi 2. Jarren Duran, Agosti 2024, mechi 2. Mara nyingine klabu ndiyo inayofungia, mara nyingine ofisi ya Kamishna. Msimu una mechi 162. Mechi 2 ni mwisho wa wiki. Linganisheni na mambo mnayoyachukulia kwa uzito. Dawa za kuongeza nguvu: mechi 80 kosa la kwanza, 162 la pili, kufungiwa kabisa la tatu. Kamari: Kanuni ya 21 imebandikwa ukutani katika kila chumba cha kubadilishia nguo, na adhabu zake zimeandikwa wazi, mwaka mmoja nje ukicheza kamari kwenye besiboli, na nje kabisa ukiwekea mechi unayohusika nayo. Hakuna mchezaji anayesema hakujua.

Tunapendekeza jedwali na lenyewe libandikwe pembeni ya Kanuni ya 21, kwa Kiingereza na Kihispania, pamoja na lugha nyingine zinazozungumzwa chumbani: mechi 10 bila malipo kosa la kwanza, 40 la pili, msimu mzima la tatu. Kocha au kiongozi afungiwe mara mbili ya hapo, maana yeye ndiye anayepanga kikosi. Kwenye ligi ndogo msitumie faini ya kiwango kimoja kwa wote, kwa sababu dola 500 kwa kijana wa kambi ya chini ni mkate wake. Hesabuni kwa siku za mshahara.

Jedwali litakwama sehemu mbili kama hamtajipanga. Kwanza, makosa mengi yaliyoadhibiwa yalinaswa na kamera au kipaza sauti cha televisheni, na ligi ndogo hazina vipaza sauti vingi. Waamuzi tayari wanaandika ripoti baada ya kumtoa mtu uwanjani. Ongezeni kwenye fomu hiyo kisanduku kimoja cha matusi ya kibaguzi, na mwamuzi alazimike kukijaza hata kama hakumtoa mtu. Pili, kijana wa miaka 17 aliyetoka mtaa ambako neno hilo husemwa kutwa nzima ataangukia adhabu kabla ya kuelewa. Klabu zote 30 zina akademia Jamhuri ya Dominika. Somo lifanyike huko, wiki ya kwanza, kwa Kihispania cha huko, na mwalimu wa huko, likiambatana na orodha ya maneno yenyewe yakitamkwa wazi. Mhadhara wa nusu saa wenye slaidi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, unaotolewa kwenye kambi ya maandalizi watu wakiwa wanawaza mazoezi, hausaidii chochote, na ndio mtindo tunaouona kila mahali.

Billy Bean alicheza mechi 272 kati ya 1987 na 1995. Mwaka wa mwisho huo, mwenzi wake alifariki kwa maradhi yatokanayo na VVU, na Bean hakwenda kumzika. Alicheza, kwa sababu hakuwa na namna ya kuiambia klabu amefiwa na nani. Leo mna orodha ya msiba na dharura ya familia inayompa mchezaji siku 3 hadi 7. Andikeni humo kwamba mwenzi wa jinsia yoyote, mwenye cheti cha ndoa au asiye nacho, anahesabiwa. Ombi lipite moja kwa moja ofisi ya ligi, lisipite kwa kocha. Na kwa kuwa kila badiliko la kikosi hutangazwa kwa umma, tangazo liseme "sababu za familia" na liishie hapo, kwa wachezaji wote, ili lisimtofautishe mmoja. Watu wazima hawapaswi kumlilia mpendwa wao chooni.

Makazi ni hivyohivyo. Tangu 2022 klabu zinawapangia wachezaji wa ligi ndogo nyumba, na waliooa wanafikiriwa nafasi yao. Mwenzi wa jinsia moja apewe nafasi ileile, na fomu ipelekwe kwa afisa wa nje ya benchi la ufundi. Kwenye ngazi za chini ambako wawili hulala chumba kimoja, kila mchezaji awe na haki ya kuomba kubadilishiwa mwenzake wa chumba mara moja kwa msimu bila kutoa sababu. Ikiwa haki ya wote, atakayeitumia hatatiliwa shaka.

Siri ya afya inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofichuliwa bila mtu yeyote kukusudia. Mchezaji husaini fomu inayoiruhusu klabu kutumia taarifa zake za afya, kwa sababu zinazoeleweka: bega, kiwiko, misuli. Lakini kijana anayemeza dawa za kujikinga na VVU, au aliyekwenda kupima, taarifa yake haina uhusiano wowote na kiwiko. Itengwe kwenye fomu kwa jina, pamoja na ushauri wa kisaikolojia. Huduma itolewe na kliniki isiyoajiriwa na klabu. Dawa hizo, za tenofovir na emtricitabine, hazimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni, kwa hiyo hakuna sababu ya mchezaji kuzitaja kwa watu wa vipimo wala kuomba kibali. Mjulisheni hivyo mapema, maana wengine wanaacha kuzitumia kwa kuogopa kipimo. Kuna na mtego mwingine. Nchini Marekani kijana anaweza kubaki kwenye bima ya wazazi hadi miaka 26, na barua ya bima inayoeleza huduma aliyopata hutumwa kwa mwenye bima, yaani nyumbani kwa baba na mama. Maafisa wenu wa ligi ndogo wajue kumsaidia kijana kuomba barua hizo zitumwe anwani yake.

Wakalimani nao. Tangu 2016 kila klabu ya Ligi Kuu inatakiwa kuwa na wakalimani wawili wa kudumu wa Kihispania. Mkalimani anasikia kila kitu, cha daktari na cha kocha, na mara nyingi analipwa na klabu. Awekewe kiapo cha siri kama cha muuguzi, na akikivunja afukuzwe.

Tunafika mahali panapotugusa moja kwa moja. Klabu zenu zimeanza kutafuta vipaji Afrika. Dodgers wamesajili vijana kutoka Uganda, na Pirates pia. Tunafurahi sana kwa hilo, na hatumzungumzii kijana yeyote mmoja mmoja. Ila fahamuni mnamrudisha wapi mnayemtema. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 inatoa kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja, na adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Viza ya mchezaji wa ligi ndogo imefungwa kwa klabu iliyomwombea. Klabu ikimtema, kinachofuata ni tiketi ya ndege. Kwa mchezaji kutoka Jamhuri ya Dominika kutemwa ni kupoteza kazi. Kwa kijana ambaye habari zake zimekwishafika mtandaoni Kampala, ni jambo la uhai.

Kwa mchezaji yeyote kutoka nchi inayofunga watu kwa mapenzi ya jinsia moja, tunaomba mambo matatu yaandikwe. Apewe notisi ya siku 60 kabla ya kutemwa, akiwa bado kwenye mkataba. Akutanishwe na mwanasheria wa uhamiaji anayelipwa na ligi na asiyewajibika kwa klabu, kabla tiketi haijakatwa. Na aelezwe tangu wiki ya kwanza anapowasili, kwa lugha anayoielewa, iwe Luganda au Kiswahili, kwamba ombi la hifadhi Marekani linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia, isipokuwa kwa sababu maalumu zinazokubalika kisheria. Somo hilo lipewe wote wanaotoka nchi hizo, darasani, ili asiwepo wa kunyoosha kidole. Wengi hugundua muda huo umepita wakati tayari wana shida.

Siku ya kujitangaza yenyewe mchezaji aiongoze mwenyewe. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: familia na wakala kwanza, kisha kocha mkuu, kisha wachezaji wenzake wakiwa peke yao chumbani bila maafisa, na habari iende kwa umma ndani ya saa 48, kabla haijavuja. Mkutano mmoja tu wa waandishi, wenye mkalimani aliyechaguliwa na mchezaji. Besiboli ina desturi ambayo michezo mingi haina: waandishi wanaruhusiwa kuingia chumba cha wachezaji. Bila mpango, mchezaji huyu ataulizwa swali lilelile katika kila mji wa ugenini, na wenzake wataulizwa kwa niaba yake, na hapo ndipo urafiki unapochoka. Afisa habari ajibu miji mingine yote kwa taarifa moja, na baada ya mechi maswali yawe ya mechi. Asiombwe kuwa sura ya usiku wa Pride, mechi maalumu ya kuwaenzi mashoga. Akitaka atajitokeza, asipotaka, siku hiyo acheze tu.

Kuhusu usiku wa Pride hatuna mengi. Klabu 29 zinaufanya kwa miaka kadhaa sasa, Texas Rangers hawaufanyi. Warushaji watano wa Tampa Bay walikataa nembo za upinde wa mvua Juni 2022, na mwaka uliofuata Kamishna akasema ligi imezishauri klabu zisiwavishe wachezaji nembo hizo. Tunaona ushauri huo ni sawa. Anayelazimishwa kuvaa nembo hamsaidii yeyote, na nembo haijawahi kumlinda aliyetemwa.

Mkisema hayajawahi kujaribiwa, mtazameni mwamuzi Dale Scott. Alikuwa amechezesha fainali za 1998, 2001 na 2004, ligi ilimjua mwenzi wake kwa miaka, na Desemba 2014 dunia nzima ikajua. Aliendelea kuchezesha hadi 2017. Miaka 26 kabla ya tangazo lake, mwamuzi mwingine, Dave Pallone, aliondolewa kazini baada ya habari zake kusambaa. Tofauti kati ya wawili hao imo kwenye uamuzi wa ofisi.

Bean mlimpa kazi ya balozi wa ujumuishaji Julai 2014, na aliifanya hadi alipofariki tarehe 6 Agosti 2024. Alitembelea kambi, alizungumza na wachezaji faragha, na wengi walimwamini kwa sababu alikuwa mmoja wao. Kazi ile haipaswi kumtegemea mtu mmoja, wala kupanda na kushuka na siasa za Washington; Machi 2025 tuliona neno la utofauti likiondolewa kwenye ukurasa wenu wa ajira. Iwekeni ndani ya mkataba: watu watatu, angalau mmoja mzungumzaji wa Kihispania aliyekulia Karibiani, wanaowajibika kwa kamati ya pamoja ya ligi na chama, wenye simu inayopokewa saa zote na bajeti iliyotajwa kwa tarakimu. Kikiwa kipengele cha mkataba, hakuna upande utakaoweza kukifuta peke yake.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka pande zote mbili, ligi na chama, kabla orodha za mwisho za mapendekezo hazijabadilishanwa mezani. Kipengele mtakachokikataa, tajeni sababu. Na wale watakaokaa kuandika jedwali la adhabu wawaite kwanza wachezaji wa ligi ndogo, hasa wa ngazi mbili za chini, kwa sababu wao ndio wanaojua ni nini kinasemwa ndani ya basi saa nane usiku.

Wenu,
Makocha, waamuzi, wakalimani na wapenzi wa besiboli wazungumzao Kiswahili